Mwalimu Ahmad bin Majid na hesabu ya bahari

  



Ijumaa moja, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye boti za Kituku alinishika mkono akaniuliza jambo. Shuleni alisoma kwamba Wareno walipofika pwani ya Waswahili mwaka 1498, aliyewaongoza mpaka India alikuwa Mwislamu, mjuzi mkubwa wa bahari aitwaye Ahmad bin Majid, na kwamba aliwaonyesha njia akiwa amelewa pombe. Wenzake bandarini walikuwa wamemcheka kwa habari hiyo. Sasa alitaka kujua: Mwalimu, ni kweli au ni uongo?

Sikumjibu palepale. Tuhuma juu ya mtu aliyekwisha kufa haijibiwi huku umeshika kiatu mkononi. Nimeona bora tuandike maisha ya mtu huyu kwenye karatasi yetu ya wiki hii, kila mmoja asome, na kijana wetu apate jibu lake mbele ya wote.

MTOTO WA WALIMU

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Alitoka Julfar, bandari ya Ghuba ambayo leo iko katika Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, wakati Bahari ya Hindi ilikuwa imejaa majahazi ya Waarabu, Waajemi, Wahindi wa Gujarati na Waswahili wa Kilwa, Mombasa na Malindi, kila mmoja akingojea kaskazi au kusi apandishe tanga lake.

Babu yake alikuwa rubani. Baba yake naye alikuwa rubani, bingwa wa Bahari ya Sham, na alitunga shairi la beti zaidi ya 1,000 juu ya njia za bahari hiyo. Tukumbuke kwamba Bahari ya Sham ndiyo njia ya mahujaji wanaoshukia Jeddah, na imejaa miamba iliyojificha chini ya maji. Rubani akikosea huko, hakosi mzigo peke yake, hukosa na roho za mahujaji.

Kwa Kiarabu rubani wa namna hiyo aliitwa muallim. Ndilo neno letu mwalimu. Sisi leo tukisikia mwalimu tunafikiria ubao na chaki, au madrasa, lakini kwa mabaharia wa zamani mwalimu alikuwa yule anayejua chombo kiko wapi usiku wa manane wakati ardhi haionekani upande wowote. Nahodha ni bwana wa chombo, pengine ni tajiri mwenye mali. Mwalimu ndiye mwenye kujua njia. Na si neno hilo tu. Dira tunayoitaja kila siku, kwa Ahmad bin Majid na wenzake ilikuwa jina la njia ya baharini inayofuata pembe fulani. Zamu tunayopeana kwenye ulinzi na hospitalini, kwao ilikuwa kipimo cha safari. Neno hilo tutalirudia, maana hesabu yote imesimama juu yake.

HESABU YENYEWE

Wengi wetu tunadhani watu wa kale walisafiri kwa kubahatisha. Hapana. Walikuwa na hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa nzuri kwa sababu iliweza kufanywa kichwani, gizani, chombo kikiyumba, bila karatasi.

Nyoosha mkono wako mbele yako mpaka mwisho, kisha lalisha kidole kimoja sawasawa na upeo wa macho. Upana wa kidole hicho juu ya anga ndio kipimo walichokiita isba, yaani kidole. Duara zima la mbingu walilihesabu kuwa vidole 224, kwa sababu dira yao ilikuwa na pembe 32 na kila pembe waliipa vidole 7. Kwa kipimo cha leo kidole kimoja ni kama digrii 1 na dakika 36. Kwa kuwa vidole vya watu havilingani, walitumia vibao vya mti vilivyokatwa kwa kipimo, lakini jina la kidole lilibaki.

Kidole hicho walikipimia nyota ya Jahi, nyota ya kaskazini. Ukisafiri kuelekea kaskazini, Jahi inapanda. Ukirudi kusini, inashuka. Kila bandari kubwa ilijulikana kwa vidole vyake, na mwalimu alivikariri kama mtoto anavyokariri juzuu Amma.

Sasa ije zamu. Zamu moja ni saa 3. Usiku na mchana una zamu 8. Na kanuni yao ilikuwa hii: chombo kikienda kaskazini moja kwa moja kwa mwendo wa kawaida, katika zamu 8 Jahi itapanda kidole kimoja. Kidole kimoja, zamu 8, siku moja. Kwa kilomita za leo kidole kimoja ni kama 179, tuseme 180 ili kichwa kisichoke. Zamu moja basi ni kama kilomita 22 na nusu, na saa moja ni kilomita 7 na nusu.

Hapo ndipo ilipo akili yao. Zamu ilikuwa na maana mbili: zamu ya muda, ambayo ni saa 3, na zamu ya umbali, ambayo ni sehemu moja ya nane ya kidole. Chombo kikienda kwa mwendo wa kawaida, mbili hizo zinalingana. Kikienda kwa kasi au kwa uvivu, zinaachana, na tofauti yao ndiyo inayokuambia mwendo wako.

Tuchukue mfano. Mwalimu amepima Jahi ikiwa vidole 6. Amesafiri kaskazini, akapima tena, akapata vidole 7. Umbali ni zamu 8, hilo halibadiliki. Lakini akihesabu muda uliopita anakuta ni zamu 6 tu, yaani saa 18. Gawa 180 kwa 18, unapata kilomita 10 kwa saa. Upepo ni mzuri. Kama muda ungekuwa zamu 12, yaani saa 36, mwendo ungekuwa kilomita 5 kwa saa, na hapo angeanza kufikiria maji ya kunywa yaliyobaki kwenye pipa. Na bado hajamaliza. Bandari anayoitafuta ina vidole 9, yeye yuko kwenye 7. Zimebaki vidole 2. Kwa ule mwendo wa zamu 6 kwa kidole, atafika baada ya zamu 12, yaani siku moja na nusu. Hesabu nzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Kijana wetu wa Kituku anaweza kuijaribu hapa kwetu. Kutoka Goma mpaka Bukavu kwa njia ya ziwa ni kama kilomita 100. Kwa mwendo wa kawaida wa jahazi la Ahmad bin Majid hizo ni zamu 4 na nusu, kama saa 13 na nusu. Boti ya mbao yenye injini inayokwenda kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo maradufu, itatumia chini ya saa 7. Ukijua mwendo mmoja kwa moyo, miendo mingine yote unaipata kwa kuzidisha na kugawa.

Ugumu unakuja chombo kinapokwenda kimshazari. Ukielekea kati ya kaskazini na mashariki, Jahi haipandi upesi. Ili upate kidole kimoja, zamu 8 hazitoshi, unahitaji 11 na kidogo. Ukiinama zaidi, pembe ya sita kutoka kaskazini, unahitaji zamu 21. Pembe ya saba, zamu 41. (Namba hizi nimezipiga kwa hesabu ya leo.) Mwalimu alitakiwa awe na namba ya kila pembe kichwani. Na ukielekea mashariki kamili, Jahi haisogei hata ukienda mwezi mzima. Hapo kidole hakisaidii kitu, na mwalimu hubaki na makisio ya mwendo pamoja na alama: rangi ya maji, tope linalotoka na bildi, ndege, majani yanayoelea. Kwa mfano, nyoka wa baharini walikuwa dalili kwamba pwani ya India imekaribia.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa Goma tunalielewa kuliko watu wa Ghuba. Sisi tuko kusini ya ikweta, digrii moja na dakika 41 hivi, na Jahi kwetu iko chini ya upeo wa macho. Utaitafuta usiku kucha juu ya Nyiragongo wala hutaiona. Basi na mabaharia waliokwenda Kilwa na Sufala walifikia mahali ambapo nyota yao kuu ilizama, wakalazimika kupima nyota nyingine, kama zile mbili za Farkadani, nyota za Naashi, na Suhaili ya upande wa kusini. Ahmad bin Majid alilitungia pwani hiyo shairi maalumu, linaitwa Sufaliyya, lenye njia na vipimo vya upande huu wa Afrika. Si wageni wote walioandika juu ya pwani yetu zamani zile waliandika kwa ajili ya mtu atakayepita huko kesho yake. Yeye aliandika kwa ajili hiyo.

VITABU VYAKE

Mwaka 866 Hijria, sawa na 1462, alikamilisha kitabu kikubwa cha mashairi kiitwacho Hawiya, chenye beti zaidi ya 1,000 juu ya misingi ya elimu ya bahari. Kwa nini mashairi? Kwa sababu karatasi huloa, na usiku taa huzimika kwa upepo. Ubeti wenye mizani haupotei. Baharia aliyesahau namba huanza kuimba tangu mwanzo wa ubeti, na namba humjia yenyewe mahali pake. Wanafunzi wetu wa madrasa waliosoma kwa nadhamu wanajua ninachosema.

Kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawaid, kilikamilika mwaka 895 Hijria, yaani 1489 au 1490. Kina sehemu 12. Humo ameeleza vituo vya mwezi, pembe za dira, njia, vipimo vya nyota, visiwa vikubwa, na misimu ya kusafiri, ambayo aliihesabu kwa siku za Nairuzi kama walivyofanya mabaharia wetu wa pwani.

Kilichonigusa zaidi ni namna alivyotendea urithi wa wazazi wake. Hesabu za babu yake na za baba yake juu ya Bahari ya Sham alizipokea kwa heshima, kisha akazikagua moja moja, na palipokuwa na kosa akasahihisha na kusema wazi kwamba amesahihisha. Alifanya hivyo hivyo kwa waandishi watatu wa kale ambao mabaharia waliwaita simba wa bahari. Aliwasifu, akajihesabu yeye kuwa wa nne wao, lakini akaeleza kwamba walikuwa wakusanyaji wa habari zaidi kuliko wajuzi walioziona njia kwa macho yao. Alijua thamani yake na hakuificha, na pengine alijisifu kupita tulivyozoea kwa mtu wa elimu. Lakini katika bahari kosa la baba haliwi sahihi kwa kuwa ni la baba. Mwamba hautazami nasaba.

Aliwagawa walimu wa bahari katika daraja tatu. Wa kwanza ni yule anayekwenda na kurudi, leo amepata, kesho amekosa. Wa pili anajulikana kwa ujuzi wake wa pwani alizozizoea, lakini akifa, elimu yake imekwenda naye. Wa tatu ndiye asiyepotewa na njia yoyote, na juu ya hayo huandika ili wengine wanufaike. Aliwausia walimu wapande chomboni wakiwa na twahara na wasiache kumkumbuka Allah. Aliwataka wakikague chombo kikiwa bado nchi kavu, wajue kasoro zake kabla ya maji kuzionyesha. Aliwataka pia wapunguze usingizi.

Hilo la kukagua nalisoma nikiwa mtu wa mji huu. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiiangalia kutoka ufukweni. Makumi ya watu walikufa, na wapo kati yetu waliozika. Abiria hajui hesabu ya mzigo wala ya mwendo. Ameweka roho yake mikononi mwa mtu mwingine, akakaa juu ya gunia lake.

KIBLA

Waswaliji wenzangu, kuna kazi yake moja inayotugusa kila siku mara tano. Alitunga shairi la kufundisha namna ya kuujua mwelekeo wa Kibla kwa elimu ile ile ya nyota na pembe. Mtu aliyeweza kupata njia ya bandari aliweza pia kupata njia ya Makka.

Tujaribu kwa mji wetu. Pembe zao 32 zilikuwa na majina ya nyota. Kaskazini kamili ni Jahi. Pembe ya kwanza kuelekea mashariki ni Farkadani, ya pili ni Naashi, na kila pembe ni digrii 11 na robo. Kutoka Goma, Makka iko kama digrii 24 mashariki ya kaskazini. Pembe mbili ni digrii 22 na nusu. Kwa hiyo kwa dira ya Ahmad bin Majid, Kibla cha Goma ni pembe ya Naashi na kidogo. Ukisimama katikati ya mji siku isiyo na mawingu, unatazama upande wa kulia wa Nyiragongo, lakini hufiki Mikeno. Wanaoswali wakielekea Nyiragongo wenyewe wamekosea kwa pembe moja na nusu. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba elimu ya kupima ipo, nayo ni ya kale.

TUHUMA

Sasa swali la kijana.

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498. Msumbiji na Mombasa walikuwa wamegombana naye, lakini Mfalme wa Malindi, kwa sababu ya uadui wake na Mombasa, alimpokea na kumpa mtu wa kumwongoza. Aliondoka tarehe 24 Aprili, na baada ya siku 23 hivi wakaiona pwani ya India. Matokeo yake tunayajua. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama aliichoma moto meli iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji kutoka Makka, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1505 Wareno waliupora mji wa Kilwa, kisha wakauchoma mji wa Mombasa. Kwa hiyo kusema kwamba fulani ndiye aliyewaleta si neno dogo. Ni kumbebesha mtu damu ya watu wengi.

Nani alisema ni Ahmad bin Majid? Aliyesema ni mwanachuoni wa Makka, Qutbuddin an-Nahrawali, aliyefariki mwaka 1582. Katika historia yake ya Yemen aliandika kwamba Mafaranga walishindwa kuijua njia mpaka Ahmad bin Majid alipowaelekeza akiwa amelewa. Nahrawali alikuwa mtu wa elimu, lakini aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, akiwa mbali na Malindi, wala hakutaja aliisikia kwa nani. Sisi tulioambiwa habari ya isnadi tangu utotoni tunajua pengo hilo lina maana gani.

Tuwasikilize Wareno wenyewe, ambao ndio walionufaika na hawakuwa na sababu ya kumficha. Waandishi wao wa historia wanasema mwongozaji yule alikuwa Mwislamu wa Gujarati, wakamwita Malemo Cana au Canaqua. Malemo ni muallim, mwalimu, jina la kazi. Hiyo Canaqua inafanana na neno la Kihindi la mnajimu. Mtu wa Gujarati si mtu wa Julfar. Na Ahmad bin Majid aliyekamilisha kitabu kikubwa mwaka 1462 alikuwa mzee mwaka 1498.

Kuna shahidi mwingine mwenye uzito. Mwaka 1554 Sidi Ali Reis, amiri wa manowari za Kiothmani aliyepigana na Wareno hao hao baharini, aliandika kitabu chake cha elimu ya bahari akiwa Ahmadabad. Alivikusanya vitabu vya Ahmad bin Majid, akavitegemea, na akamsifu kuwa miongoni mwa walimu wa kuaminika kabisa. Adui wa Wareno, aliyezunguka bandarini akiuliza mabaharia, hakutaja pombe wala usaliti. Miaka 20 na zaidi baadaye ndipo habari ile ikaandikwa Makka.

Na hesabu nayo itoe ushahidi wake. Kutoka Malindi mpaka pwani ya India walipoiona ni kama kilomita 4,200. Kwa mwendo wa kawaida wa zamu 8 kwa siku, kilomita 180, siku 23 zinatoa kilomita 4,140. Yaani walikwenda kwa mwendo ule ule wa kila jahazi, mwanzoni mwa kusi, katika njia ambayo wafanyabiashara wa Gujarati waliipita kila mwaka. Haikuwa siri iliyofungwa kifuani mwa mtu mmoja mpaka pombe imfungue. Mwalimu yeyote wa kawaida aliyekuwa Malindi wakati ule aliweza kuifanya. Hata tarehe, kwa hesabu ya kalenda yetu, iliangukia mwanzo wa Ramadhani 903. Sisemi hiyo ni dalili, maana mlevi hulewa hata Ramadhani, lakini nimeiona nikaiandika.

Wapo wanaotaja kwamba katika Sufaliyya kuna beti zinazozungumzia Mafaranga. Ni kweli zipo, na wataalamu wamebishana kama baadhi yake ziliongezwa baadaye. Tukizikubali zote, hakuna ubeti ambamo anasema aliongoza chombo chao.

Basi habari hii ilifikaje kwenye vitabu vya shule? Nakala za vitabu vyake zilikuwa zimelala katika maktaba ya Paris. Mfaransa Gabriel Ferrand alizichapisha miaka ya 1920, na tunamshukuru kwa kazi hiyo. Lakini ndiye pia aliyeunganisha maneno ya Nahrawali na yule Malemo wa Wareno, akawafanya mtu mmoja. Wengine wakanakili. Mwaka 1957 Mrusi Shumovsky akachapisha nakala za Leningrad, ikiwemo Sufaliyya, na mjadala ukafunguka upya. Watafiti wengi wa leo hawaikubali tena hadithi ile, na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan al-Qasimi, aliandika kitabu kizima kumtoa Ahmad bin Majid katika tuhuma hiyo.

Kwa hiyo kijana wangu, ukirudi Kituku waambie wenzako kwamba mtu aliyewaongoza Wareno alikuwa rubani wa Gujarati, na kwamba Ahmad bin Majid amesingiziwa. Ukitaka, nitakuonyesha hesabu ya kidole siku tukiwa na nafasi.

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 Hijria, yaani 1500 au 1501. Miaka zaidi ya 350 baadaye, mwaka 1854, Mwingereza Burton alipita Aden akawakuta mabaharia wakimtaja Sheikh Majid kama mvumbuzi wa dira. Hilo la uvumbuzi si sahihi, dira ilikuwapo kabla yake. Lakini kabla ya kung'oa nanga mabaharia wale walikuwa na desturi ya kumsomea Fatiha.